Kikopo tu!

Tunatafuta mtoto. Hedhi ikija nalia, nanawa uso, naenda kazini. Hilo nishazoea. Kinachonichosha ni kuugua kwa niaba ya watu wawili.

Nimetolewa damu ya homoni siku ya 3 ya mzunguko, nikarudishwa siku ya 21. Nimepigwa altrasaundi, ile ya kuingizwa ndani. Kipimo cha mirija ndiyo usiseme: umelala chali, dawa inasukumwa kwenye mfuko wa uzazi, picha za eksirei zinapigwa, wewe umeuma kanga. Muuguzi anakwambia "jikaze, si ndiyo unataka mtoto?"

Mume wangu anatakiwa nini? Akae siku 2 hadi 7 bila tendo, kisha atie mbegu kwenye kikopo. Kikopo tu! Hachomwi hata sindano. Ukimgusia, anawasha televisheni: "Kwetu hakuna mgumba." Haya, ukoo mzima umeshapimwa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023: karibu mtu 1 kati ya 6 hukutana na ugumba maishani, na chanzo chaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote. Nilimsomea. Akauliza chakula kiko tayari?

Na mawifi nao. Juzi kwenye arobaini ya mtoto, mmoja kanishika tumbo mbele za watu, "Wifi, vipi, bado?" Kisha akanipenyezea chupa ya mizizi ya kusafisha kizazi. Yangu. Ya kaka yake sikuiona.