Kipaimara si mahafali

Ikifika Desemba, kumbi za Moshi, Arusha na Dar es Salaam hujaa sherehe za kipaimara. Kamati imeundwa mapema, kadi za michango zimezunguka kwenye simu, gauni jeupe na suti vimeshonwa. Sina ugomvi na sherehe. Mtoto aliyesimama mbele ya usharika akaikiri kwa kinywa chake imani aliyobatiziwa anastahili kupikiwa pilau na kuchezewa ngoma. Kinachoniumiza ni Januari. Wengi wa vijana wale hawaonekani tena ibadani, na wazazi hawashtuki, kana kwamba mtoto kamaliza shule na cheti kimeshatoka.

Lawama huangukia kwa mwinjilisti: hakufundisha vizuri, vipindi vilikuwa vikavu. Mimi Mlutheri nasema tunamwonea. Martin Luther alipozikagua sharika za Saksonia mwaka 1528, alikuta Wakristo wasiojua hata Baba Yetu. Mwaka uliofuata akatoa Katekisimu Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, na juu ya sehemu zake kuu akaandika kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Humo akaweka sala ya asubuhi, sala ya jioni na sala za mezani. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya sebule, sisi tumekifungia katika darasa la Jumamosi, kisha tunamtaka mtu mmoja awalelee watoto wa mtaa mzima.

Nyumbani kwenyewe hali tunaijua. Baba yuko kwenye foleni, mama anafunga hesabu za duka, mtoto yuko tuisheni. Nyumba nyingi anayewaombea watoto kabla ya kulala ni dada wa kazi. Mungu ambariki dada huyo, kwa kuwa anafanya kazi ambayo hakuajiriwa kuifanya. Lakini mtoto anaona. Akikua bila kumsikia baba yake akiomba hata siku moja, atajua kwamba maombi ni shughuli ya wanawake, watoto na wachungaji.

Na hapo sijagusa urithi wenyewe. Wamisionari wa Kilutheri wa shirika la Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Mwaka 1896 wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, chini ya Mlima Meru. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini. Kanisa halikufa. Walimu wenyeji walishika mimbari na madarasa, na imani ikaendelea kwa sababu ilikuwa imeshaingia katika nyumba za watu. Wengi wetu ni wajukuu na vitukuu vya watu wale, na watoto wetu hawajui hata majina yao. Wanajua jina la kocha wa Arsenal.

Katika Yoshua sura ya 4, Israeli wanaagizwa kusimamisha mawe 12 yaliyotolewa Yordani, ili watoto wakiuliza maana yake, wazazi wapate kusimulia. Nenda sasa Waamuzi sura ya 2: kinainuka kizazi kisichomjua Bwana wala matendo yake. Kati ya sura hizo mbili mawe hayakwenda popote. Waliokosekana ni wasimulizi.

Mafundisho watoto wetu wanayo. Wanachokikosa ni kumsikia mzazi akisema: mwaka ule nilipopoteza kazi niliomba hivi, Mungu akanishika hivi, na jambo fulani naliombea mpaka leo, sijajibiwa, na bado ninamwamini. Hilo la mwisho ndilo tunaloficha, tukidhani litawavunja moyo. Matokeo yake, kijana akipatwa na shida ya kwanza isiyoondoka kwa maombi ya wiki moja, anakimbilia kwa anayeuza mafuta na maji ya upako, au anaacha kabisa. Nyumbani hakuwahi kuona imani inayosubiri.

Wapo wanaolea peke yao, na wapo ambao wenzi wao hawaamini. Timotheo baba yake alikuwa Myunani, na Paulo anapoitaja imani ya kijana yule anawataja bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Desemba hii wengi tutapanda Kilimanjaro kwenda kuhesabiwa, yaani kukutana na ukoo nyumbani. Bibi na babu bado wapo, wengine wanasali Kichaga ambacho wajukuu wa mjini hawakielewi, kwa hiyo mzazi akae katikati atafsiri. Aulizwe babu nani alibatizwa wa kwanza katika ukoo, na ndugu zake walimfanyia nini. Mjukuu arekodi kwa simu yake. Na kwenye ratiba ya sherehe ya kipaimara, kabla ya keki na zawadi, mshereheshaji ampe bibi kipaza sauti, amwachie mpaka amalize.