"Jaribu tena baadaye" si maelezo

"Muamala umeshindikana. Jaribu tena baadaye." Bi mkubwa mmoja alinipa simu yake nimsomee ujumbe huo, tumekaa kibarazani kwa wakala hapa Chake Chake. Alikuwa anamtumia mwanawe aliyeko Unguja nauli ya boti ya kurudi Mkoani. Akaniuliza: "Sasa mwanangu, pesa yangu ipo au imeshakwenda?" Nikausoma tena. Jibu halimo. (Neno "muamala" halikumshinda, wengi wetu tumelijua tangu chuoni, yaani madrasa.)

Watengenezaji wa programu wana hoja zao, na si za kupuuza. Kioo cha simu ni kidogo, na mwenye haraka hasomi maelezo marefu. Katika Office 97, toleo la programu zao za kazi za ofisini, Microsoft waliweka kikatuni cha kibanio cha karatasi chenye macho, kikizuka kumweleza mtu asichouliza. Kiliwaudhi wengi, na Office 2007 ikaja bila yake. Ipo na hoja ya usalama: programu ikikwambia jina ni sahihi ila neno la siri ndilo ulilokosea, imeshamrahisishia mwizi kazi.

Hayo nayakubali. Nisichokikubali ni sababu tupu. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Ellen Langer na wenzake walichapisha jaribio la kuwaomba watu wawapishe kwenye mashine ya fotokopi. Kwa kurasa 5 bila kutaja sababu, walikubaliwa na asilimia 60. Waliposema "kwa sababu nataka kutoa kopi", sababu isiyoeleza kitu, wakakubaliwa na asilimia 93, karibu sawa na waliosema wana haraka. Lakini kwa kurasa 20 sababu tupu ikaanguka hadi asilimia 24, sawasawa na kutosema lolote; sababu ya kweli ikapata 42.

Kwa jambo dogo, basi, mtu hupokea neno lolote. Jambo likiwa zito hulipima, na nauli ya boti kwa bi mkubwa yule ni jambo zito. Sihitaji programu inieleze kwa nini imebadilisha rangi. Pesa ikikwama nahitaji, tena kwa sentensi zinazoenea kwenye kioo kile kile kidogo: "Pesa yako haijatoka. Salio lako ni lile lile. Ukituma tena, hutakatwa mara mbili."