Nani apange foleni: kura za madizaina au meza ya wachache?

Mfumo wa usanifu wa pamoja, wa kurasa za tovuti na programu za simu, ni rahisi kuueleza. Badala ya kila timu kuchora kitufe chake, fomu yake na ujumbe wake wa kosa, vipande hivyo vinatengenezwa mara moja, vinajaribiwa kwa watumiaji, kisha kila timu inavichukua. Ugumu uko kwenye foleni ya vipande vya kutengenezwa. Maombi siku zote yanazidi mikono, na madizaina wa Mwanza wanaohudumia SACCOS, vivuko, zahanati na wanunuzi wa samaki, wakiamua kesho kuwa na mfumo mmoja, watagombana kabla ya mwezi kwisha: kipi kianze, na nani aseme?

Mfano unaotajwa zaidi ni wa serikali ya Uingereza. Mfumo wa usanifu wa GOV.UK, tovuti ya serikali hiyo, ulizinduliwa 2018, na orodha ya mapendekezo yake iko wazi mtandaoni. Pendekezo linaulizwa mambo mawili: litazifaa timu nyingi, na je, halirudii kilichopo? Likishatengenezwa, linapimwa tena kama linatumika bila shida, linafanana na vingine na linafaa mazingira tofauti. Wanaopima ni jopo la watu kutoka idara mbalimbali. Lakini tazama vizuri: vigezo hivyo vinasema kipi kiingie, havisemi kipi kitangulie. Hapo ndipo jamii ya madizaina inapoitwa ukumbini, wanapewa vibandiko, wanapiga kura ukutani.

Hoja ya kuwaita ina nguvu. Dizaina anayekaa na watumiaji kila wiki anajua mengi kuliko timu kuu iliyojifungia ofisini. Tena mtu aliyeshiriki kupanga ndiye atakayekitumia kitu kikitoka. Mfumo ulioshushwa kutoka juu unasifiwa kwenye kikao halafu kila mtu anarudi kuchora vyake.

Tatizo ni kwamba kura inahesabu waliofika. Kampuni yenye madizaina sita itakuja na kura sita. Dizaina aliye peke yake kwenye hospitali ya Sengerema, ambaye ndiye pia fundi wa printa, hatafika. Na hata waliofika wanapigia vitu vinavyowavutia wao: dashibodi, grafu, mandhari ya giza (skrini nyeusi yenye maandishi meupe).

Chukua kisanduku cha namba ya NIDA. Namba ina tarakimu 20 na huandikwa kwa vistari: nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, halafu tano, tano, mbili. Mama anayeuza dagaa mwaloni Kirumba anajaza fomu ya mkopo kwa simu, jua la saa saba limeziba kioo. Ananakili kama alivyoona kwenye kitambulisho, vistari vikiwemo. Anaambiwa "namba si sahihi". Anafuta yote. Safari hii anaruka sifuri moja, kwa kuwa ziko mfululizo. Mwishowe anampa wakala wa pesa za simu amjazie, pamoja na kitambulisho chake. Dawa yake ni ndogo: fomu ikubali vistari na nafasi, iviondoe yenyewe, na ujumbe wa kosa useme tarakimu ngapi zimepungua. Ukutani, kazi hiyo itashindwa na mandhari ya giza kila mara.

Ukarabati nao hauna mpiga kura. Oktoba 2023 lilipotoka toleo jipya la viwango vya ufikivu wa tovuti, yaani tovuti itumike na wenye ulemavu pia, WCAG 2.2, timu ya GOV.UK ilibidi ipitie upya vipande ilivyokuwa imeshachapisha. Kazi ya namna hiyo ukisubiri ichaguliwe, watu wenye ulemavu watasubiri nawe.

Basi tuwaachie wachache? Hapana, nao wana ugonjwa wao, nao ni ukimya. Mtu analeta ushahidi, miezi inapita bila jibu, anachoka, anatengeneza chake pembeni. Ukishapoteza watu wa namna hiyo watatu, huna jamii tena, una orodha tu.

Mimi naegemea hapa: jamii ilete matatizo, isipigie kura suluhisho. Kila ombi lije na mtu aliyekwama, amekwama wapi, na kama alikuwa na njia nyingine. Timu ndogo ipange kwa uzito wa madhara, itangaze mpangilio na sababu zake, hasa sababu za kukataa. Sehemu ya muda ibaki ya ukarabati, isijadiliwe. Najua ushahidi nao unawapendelea wenye bajeti ya utafiti, kwa hiyo yule wa Sengerema aliyewatazama wagonjwa watatu wakihangaika na fomu asiambiwe akalete takwimu.

Linabaki la pesa. Kule Uingereza timu kuu inalipwa na serikali. Huku, kampuni moja ikijitolea kuwalipa hao wachache, foleni itaelekea upande wake taratibu, na hakuna kura itakayozuia hilo. Bora kila ofisi itoe mtu wake siku mbili kwa mwezi. Kazi itakwenda polepole, na wenye haraka watalalamika, walalamike.