Nani anatangulia kulipa?

Makala ninayoijibu hapa imeeleza vizuri jinsi serikali ya Marekani inavyowalipa wakulima na wafugaji wanaohifadhi udongo na maji huku wakiendelea kuzalisha, lakini haikugusa suala la nani anayetangulia kutoa fedha. Katika EQIP, programu ya serikali hiyo ya kuchangia gharama za hifadhi mashambani, iliyoanzishwa kwa sheria ya kilimo ya mwaka 1996, kwa kawaida serikali hulipia hadi asilimia 75 ya gharama, tena baada ya kazi kukamilika na kukaguliwa; kwa hiyo mfugaji anayetaka kujenga uzio wa kugawa malisho na kuvuta bomba hadi kwenye mabirika ya kunyweshea mifugo, ili ng'ombe wasiharibu kingo za mto, hulazimika kwanza kutafuta mtaji au mkopo. Wakulima wanaoanza na wale wenye rasilimali chache wanaweza kulipwa hadi asilimia 90 na kupewa sehemu ya fedha mapema, utaratibu ambao ningependa upanuliwe.

Sharti la kutenga nusu ya fedha za EQIP kwa ufugaji linanitia shaka zaidi, kwa sababu baadhi yake hugharamia mabwawa ya samadi ya mashamba makubwa yanayofuga wanyama kwa kuwafungia, miundombinu ambayo (kwa maoni yangu) mwenye biashara angepaswa kuilipia mwenyewe. Maadamu waombaji wengi hukosa nafasi kwa ufinyu wa bajeti, ni haki mimea ya kufunika udongo na malisho ya mzunguko vipewe kipaumbele.