Hela za kutuzwa hazina risiti

Ukiacha kazi inayonilipia kodi ya nyumba hapa Marekani, huwa natafsiri nyaraka za Kiswahili zinazokwenda uhamiaji. Mara nyingi ni vyeti: kuzaliwa, ndoa, talaka. Mwaka jana rafiki yangu akarudi likizo Tanga na mfuko wa rambo umejaa vipande vya magazeti, kadi za harusi, picha, na kanda mbili za kaseti. Mali ya shangazi yake, mwimbaji wa taarab. Wakili kashauri shangazi huyo ajaribu EB-1A.

Kwa asiyeijua, hiyo ni njia ya kupata green card, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, kwa kipaji kisicho cha kawaida, na sheria yake ni ya 1990. Utamu wake ni kwamba huhitaji mwajiri. Fomu ya maombi, I-140, unaijaza mwenyewe hata ukiwa kwenu. Uchungu uko kwenye ushahidi. Kama huna tuzo ya uzito wa Nobel, kuna vigezo 10, na lazima utimize visivyopungua 3: tuzo za chini ya hapo, kuandikwa na vyombo vikubwa vya habari, kuwa jaji wa kazi za wenzako, kulipwa kuliko wenzako, na vingine. Wasanii wa jukwaani wana chao kabisa: mafanikio ya kibiashara, yaonekane kwenye mapato ya mlangoni au mauzo ya kanda.

Hapo ndipo tulipokwama. Nikampigia.

"Shikamoo shangazi. Hivi kanda zako ziliuzwa ngapi?"

"Marahaba. Mwanangu, ziliuzwa kila mahali!"

Hakusema uongo. Ziliuzwa kila mahali, na watu waliozidurufu bila hata kumpa nauli. Na fedha alizozishika kwa mkono wake ni za kutuzwa: mama anainuka na doti lake la khanga, anakuja taratibu kwa mwendo wa madaha, anampepea noti usoni kisha anamwachia. Nani atamkatia risiti pale?

Wenzangu wengi wanasema sheria imetungwa kutubagua. Sikubali moja kwa moja. Kanuni zenyewe zinasema kigezo kisipoendana na kazi yako, unaweza kuleta ushahidi mwingine unaolingana nacho. Mlango upo. Tatizo letu ni tunachopita nacho mlangoni, hasa barua.

Barua zetu ni za kumwombea mtu chumba cha kupanga! Nilitafsiri nne kwenye rambo lile: "Ni mtu mwenye nidhamu, mcheshi, anashirikiana vizuri na majirani." Moja ilikuwa na mhuri wa serikali ya mtaa. Afisa wa uhamiaji hatafuti jirani mwema. Anataka kujua huyu mama alianzisha nini, nani akamwiga, na tangu lini. Barua ya tano ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini. Imeandikwa na mpiga kinanda wa kikundi hasimu, mtu ambaye kwa miaka walikuwa wakitupiana mafumbo jukwaani. Anakiri kwamba wao walibadilisha namna ya kupokea kiitikio baada ya kumsikia yeye, na anataja wimbo na mwaka. Sifa ya mpinzani ina uzito ambao wajomba kumi hawaufikii.

Hata hivyo kufikisha vigezo 3 hakutoshi. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Marekani ya mzunguko wa tisa iliamua kesi ya Kazarian, mwanafizikia. Ilisema afisa asibuni masharti yasiyomo kwenye kanuni wakati wa kuhesabu vigezo. Masikini Kazarian mwenyewe akashindwa, maana alibaki na viwili tu. Tangu hapo idara ya uhamiaji inahesabu kwanza, kisha inapima faili lote: je, huyu ni miongoni mwa wachache waliofika kileleni mwa fani yao? Hatua hii ya pili ndiyo siipendi. Kilele cha fani gani? Ukimpima shangazi kwenye "muziki" kwa jumla, amekwisha. Ukimpima kwenye taarab, ni habari nyingine, na wakili anayekubali ile fani ya kwanza bila kubisha angerudisha hela za watu. (Nawaza pia Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyepewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005. Kwenye kipaji angepita bila jasho. Wangemkamata kwenye tarehe ya kuzaliwa.)

Upande wangu ulikuwa na balaa lake. Mfasiri hutia saini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba lugha zote mbili anaziweza. Kichwa kimoja cha gazeti kilisema mama huyu "awarusha roho" watu wa Tanga. Ningeitafsiri neno kwa neno, afisa angedhani kulikuwa na msiba ukumbini. Nilikaa nayo nusu saa, nikaishia kuweka maelezo ya mistari mitatu chini ya ukurasa.

Faili limeshatumwa, tunasubiri. Jumamosi hii shangazi ana harusi Pongwe, na mpwa wake mdogo nimemwagiza akae mbele na daftari, aandike kila noti na jina la aliyeitoa.