Bei ya Kiti na Ujira wa Kukiwamba

Mwaka 1942 chama cha ushirika cha FDB nchini Denmark kilimkabidhi Børge Mogensen, seremala ambaye alikuwa hajatimiza miaka 30, ofisi yake mpya ya kubuni samani, kwa lengo la kuzipatia familia za kipato cha kawaida viti na meza imara ambavyo zingemudu kuvinunua. Mwaka 1947 ikatoka J39, kiti cha miguu iliyonyooka, egemeo moja pana na kikalio cha kamba, ambacho Wadenmark wamekizoea kwa jina la kiti cha wananchi. Leo samani za Skandinavia za miaka hiyo hupigiwa mnada London na New York, na mtu anayezikusanya nyumbani kwake hutazamwa kama mtu aliyekosa la kufanya na fedha zake, anayepandisha bei ya vitu vilivyokusudiwa watu wa kawaida. Lawama hiyo ina uzito, na sitaki kuipita haraka, ingawa nadhani inamwangukia asiyestahili.

Wanaolaumu huanza na sheria inayozuia nakala za bei nafuu, na wanafanya vyema, kwa kuwa hapo ndipo hoja yao ina nguvu zaidi. Mbunifu wa Denmark Hans Wegner alibuni kiti chake chenye egemeo la umbo la herufi Y mwaka 1949, kiwanda cha Carl Hansen & Søn kikaanza kukitengeneza mwaka 1950, na hakijaacha hadi leo. Wegner alifariki mwaka 2007. Hakimiliki barani Ulaya hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mbunifu, kwa hiyo pale ambapo kiti hicho kinahesabiwa kuwa kazi ya sanaa, ulinzi wake utakwisha mwishoni mwa 2077, miaka 128 tangu kalamu ilipogusa karatasi. Uingereza ilikuwa na njia ya mkato: kazi ya sanaa iliyozalishwa kwa wingi kiwandani ililindwa kwa miaka 25 tu, na biashara nzima ya nakala ikastawi kwenye mwanya huo mpaka ulipozibwa tarehe 28 Julai 2016. Mwalimu au muuguzi aliyekuwa akinunua nakala kwa sehemu ndogo ya bei ya kiti cha kiwanda chenye leseni alijikuta hana pa kununua kihalali, na ni vigumu kumwaminisha kwamba hatua hiyo ilimlinda Wegner, ambaye wakati huo alikuwa kaburini kwa miaka 9.

Wala nakala hazikosi historia yake. Picha ya mwanamitindo wa Uingereza Christine Keeler akiwa ameketi kitini, iliyopigwa na Lewis Morley mwaka 1963, ambayo pengine imekitangaza kiti cha mbunifu wa Denmark Arne Jacobsen cha mwaka 1955 kuliko tangazo lolote la kiwanda, inaonyesha nakala; tundu lililokatwa kwenye egemeo ndilo linaloitoa siri. Nakala hiyo sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London, jambo ambalo wapenzi wa viti halisi hawalitaji mara kwa mara.

Yote hayo nayakubali. Lakini mjadala huu huendeshwa kana kwamba kiti ni umbo tu, na kwamba swali pekee ni nani ana haki ya kuliuza umbo hilo. Kipindue kiti cha Wegner miguu juu, na swali jingine litajitokeza. Kikalio chake kimewambwa kwa kamba ya karatasi iliyosokotwa, yapata mita 120 kwa kiti kimoja, na fundi mzoefu huchukua muda wa saa moja kuikamilisha. Kamba hiyo ilienea Denmark wakati malighafi nyingine za kusukia zilipoadimika katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ikabaki kwa sababu ilithibitika kuwa imara kuliko jina lake. Fundi huizungusha kutoka kona hadi kona, akiivuta kila mzunguko, mpaka pembetatu nne zinakutana katikati kama mgongo wa bahasha. Haishikamani na mbao kwa gundi. Siku ikichakaa hukatwa, huondolewa yote, na kiti kikawambwa upya juu ya mbao zilezile.

Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa jambo hili, kwa kuwa kitanda cha kamba kimejengwa kwa fikra hiyohiyo: matendegu, mifumbati na vitakizo ni vya kudumu, kamba ni ya kupita. Kiti cha enzi cha Lamu nacho kina paneli za kamba zinazoweza kusukwa tena ilhali mbao zake zimerithiwa. Tofauti iko kwenye hesabu. Kwetu kitanda kiliwambwa upya kwa sababu ujira wa kukiwamba ulikuwa mdogo kuliko bei ya kitanda. Copenhagen hesabu imepinduka: saa ya fundi ni ghali, na kiti kipya cha bei nafuu kinaweza kununuliwa kwa fedha pungufu ya zile ambazo fundi angedai kwa kukarabati cha zamani.

Hapa ndipo bei, ambayo wengi huiona kuwa ndiyo dhambi yenyewe, inapofanya kazi isiyotajwa. Mwenye nakala ya bei ya chini ambayo kikalio chake kimelegea baada ya miaka michache hana sababu ya kumtafuta mwambaji, hata kama anakipenda kiti chake, kwa maana atalipa ujira unaozidi thamani ya kitu kinachotengenezwa. Atakitoa nje siku ya taka na kununua kingine. Mwenye kiti cha mwaka 1955 chenye thamani kubwa atalipa ujira uleule bila kusita. Ukizidisha uamuzi huo kwa nyumba maelfu, unapata upande mmoja mafundi ambao bado wana kazi, wanafunzi wanaojifunza kwao, na kiwanda cha kamba kinachoendelea kusokota. Upande wa pili unapata jaa. Mkusanyaji anayelaumiwa kwa kupandisha bei ndiye mteja wa mwambaji. Sijaona hoja ya watetezi wa nakala inayolijibu jambo hili, na wengi hawalitambui kabisa, kwa sababu wanapima haki ya kununua na hawapimi haki ya kitu kuendelea kutumika.

Ni kweli pia kwamba bei ikipanda kupita kiasi huua kile ilichokuwa ikikilinda. Kiti cha Chifu cha Finn Juhl, mbunifu mwingine wa Denmark, kilichoonyeshwa kwenye maonyesho ya chama cha maseremala wa Copenhagen mwaka 1949, kilitoka katika karakana ya Niels Vodder kwa idadi isiyofika 100, na aliyekipata leo ana sababu nyingi za kutokikalia. Kiti kinachofungiwa ghalani kusubiri mnada ujao hakimhitaji mwambaji wala mpiga msasa. Huyo simtetei. Namtetea mtu mwenye viti vinne mezani, ambaye watoto wake wanamwaga chai juu ya viti hivyo.

Suala la mbao nalo halina majibu mepesi, ila laweza kusemwa kwa ufupi. Sehemu ya uzuri wa samani hizi ilitokana na mtiki wa Asia na mti wa Brazili wa jamii moja na mpingo wetu, na biashara ya kimataifa ya mti huo wa Brazili imepigwa marufuku tangu 1992 chini ya CITES, mkataba unaolinda wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na hata kipande cha zamani huhitaji hati kivuke mpaka. Kununua kabati la mwaka 1960 hakuangushi mti mwingine, na hilo latosha kwa mjadala huu.

Kwa upande wa sanamu mambo hubadilika kidogo, kwani sanamu haiwambwi upya. Hata hivyo kipimo cha matumizi bado kinafaa. Nyani wa mbunifu wa Denmark Kay Bojesen wa mwaka 1951, aliyechongwa kwa mtiki na limba, mti wa misitu ya Afrika ya Magharibi na Kati, ana mikono na miguu inayozunguka ili aning'inizwe popote. Kumweka ndani ya kabati la kioo ni kumnyima sababu ya viungo vyake. Juhl naye hakuamini kwamba sanamu ina chumba chake na kiti kina chake. Mfano mkubwa wa imani hiyo uko New York, katika Ukumbi wa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, ambao mapambo na samani zake alizibuni yeye kwa niaba ya Denmark na ukakamilika mwaka 1952. Mwaka uliofuata ikaongezwa sanamu ya mtiki ya Henrik Starcke, mwanamke aliyeinua mikono akimwachia ndege aruke. Machi 1955 Julius Nyerere alizungumza mbele ya Baraza hilo, lililosimamia utawala wa nchi za udhamini kama Tanganyika, akiwa rais wa TANU, akieleza kwamba Tanganyika inapaswa kujitawala. Sisemi kwamba sanamu ilisaidia. Nasema kwamba ilikuwa kazini, na ukumbi ulipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2013 ulirudishiwa mikutano, pamoja na viti vipya vya wajumbe vilivyobuniwa na Kasper Salto na Thomas Sigsgaard.

Mtu asiye na fedha za minada bado ana mlango, na ni uleule ambao FDB iliufungua. J39 ya zamani haijafikia bei ya viti vya Juhl, hasa ile ambayo kamba yake imekatika, kwa sababu wanunuzi wengi huikimbia. Hiyo ndiyo ya kuchukua. Kikalio kilichowambwa upya kabla ya kuuzwa huficha mbao zilizo chini yake, ilhali kamba iliyokatika huacha mifumbati wazi, na mnunuzi anaweza kupitisha kidole kwenye maungio akatafuta ufa au gundi mpya kabla hajatoa fedha yoyote, kisha akakipeleka kiti kwa mwambaji akijua analipia nini.