Punda si ng'ombe mdogo

Wiki iliyopita nilihudhuria siku ya wakulima karibu na Njoro, Kenya, nikarudi nyumbani nimeudhika. Mezani palikuwa na vijitabu vya ng'ombe wa maziwa, vya kuku wa kienyeji, vya mbuzi, hata vya sungura. Nilipouliza cha punda, kijana aliyekuwa akivigawa alinijibu kwa adabu, "Mama, punda hana mambo mengi. Fuata tu yale ya ng'ombe." Nyuma ya hema walifungwa juani punda waliotuletea mitungi ya maji tuliyokuwa tukinywa, na mmoja wao alikuwa na kwato zilizorefuka hadi ncha zake zikapinda kuelekea juu, ikawa uzito wote anaubeba kwa visigino.

Ushauri huo wa kufuata ya ng'ombe unawaua punda wetu. Tuanze na dawa ya kupe. Mojawapo ya dawa zinazotumiwa sana kuogeshea ng'ombe ina amitrazi, ambayo ikimwingia farasi au punda inaweza kuuzuia utumbo wake kufanya kazi, chakula kikakwama, akafa kwa maumivu ya tumbo. Mkulima aliyemaliza kunyunyizia ng'ombe wake, bomba likiwa bado na dawa, humgeukia punda aliyesimama kando kwa nia njema kabisa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia asifanye hivyo. Vivyo hivyo kuhusu chakula cha dukani: baadhi ya vyakula vya ng'ombe na kuku huchanganywa na dawa iitwayo monensini, ambayo haiwadhuru wanyama hao ikipimwa vizuri, lakini kiasi kidogo tu huharibu moyo wa farasi au punda. Wala wanyama hawa hawawezi kutapika, kwa hiyo sumu ikishamezwa haina njia ya kurudi.

Hata joto la mwili linatudanganya. Ng'ombe mwenye nyuzi 38.5 ni mzima. Punda mzima aliyekomaa huwa na wastani wa nyuzi 37.1, na akifika 38.5 ana homa, ila anayempima kwa vipimo vya ng'ombe atamfunga kwenye mkokoteni na kumpeleka kazini. Tena punda hatangazi maumivu yake. Farasi anayeumwa na tumbo hujigaragaza, hupiga ardhi kwa kwato na kujitazama ubavuni. Punda huinamisha kichwa, hutulia na huacha kula, nasi tunasema amechoka. Kuacha kula huko ndiko kunakopaswa kututia hofu kuliko yote. Punda asipokula, hasa aliye mnene au mwenye mimba, mwili wake huanza kuyayeyusha mafuta na kuyamwaga kwenye damu kwa wingi, ini hulemewa, na anaweza kufa katika siku chache. Anayesubiri hadi mwisho wa wiki ili aone kama atapata nafuu huenda akakuta mzoga.

Sijagusia vidonda vya kamba za nailoni vinavyopakwa oili chafu ya gari, wala pepopunda, ambayo ina chanjo na bado inawamaliza wanyama wanaokanyaga misumari kila siku.

Wenye farasi kule Gilgil na Naivasha wana madaktari wao, na wanajua kwamba ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi, hivyo huwaingiza wanyama mabandani kabla ya jua kuzama. Maarifa yao, hata hivyo, yameandikwa kwa Kiingereza, na saisi anayewalisha farasi hao na kulala karibu nao huyapata kwa kusikia tu.

Nakubali, tena shingo upande, kwamba maafisa wa mifugo ni wachache na kwamba ng'ombe ndiye analipa karo. Lakini katika nyumba ngapi za Molo na Njoro maziwa hayo hufika barabarani bila punda? Machinjio ya punda yalipofunguliwa Naivasha mwaka 2016, na mengine Mogotio, biashara ya ngozi ya punda ilizungumzwa hadi serikalini, uchinjaji wao ukapigwa marufuku mwaka 2020, na mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini; ile ya 2019 ilikuta takriban milioni 1.2. Waliobaki bado hawana hata kijitabu.

Chuo Kikuu cha Egerton kinafundisha udaktari wa mifugo papa hapa Njoro. Naomba karatasi moja tu kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe kwenye vituo vya kuchotea maji na katika maduka ya dawa za mifugo. Iwe na picha ya kwato iliyokatwa vizuri kando ya ile iliyorefuka, na maelezo kwamba zikaguliwe na kusawazishwa kila baada ya wiki 6 hadi 10. Itaje amitrazi na monensini kwa majina, kwa herufi kubwa. Iseme kwamba punda asiyekula leo aitiwe daktari leo. Na muuza dawa, kabla hajapokea pesa, amwulize mteja dawa hiyo inakwenda kwa mnyama gani.